Kupokea lori la mafuta kituoni: utaratibu niliouchukua kwa watu wa meli

Ukisimamia kituo cha mafuta Moshi, Himo au Bomang'ombe, saa ya kuiogopa ni ile ya lori kushusha mzigo. Kwenye pampu kuna mteja anayetazama na mita inayosomeka. Kushusha mara nyingi ni alfajiri: dereva ametoka Tanga usiku kucha, utingo anatafuta pa kujilaza, mlinzi anasubiri zamu iishe, na wewe unataka lori litoke kabla bodaboda hawajaanza kujipanga. Mimi nasimamia kituo kimoja upande wa Majengo, hapa Moshi. Haya nawaandikia wasimamizi wenzangu, hasa wa vituo vidogo ambako tajiri anapita mara moja kwa wiki kuchukua hesabu.

Mengi ya ninayofuata yametoka baharini, na kuna sababu. Mwezi Machi 1967 meli Torrey Canyon iligonga miamba kusini-magharibi mwa Uingereza ikiwa na karibu tani 120,000 za mafuta ghafi. Baada ya aibu ile kampuni za mafuta zikaunda jumuiya yao mwaka 1970, OCIMF, ili zikubaliane namna ya kuchukua mafuta baharini bila kuyamwaga wala kuua watu. Kwa kushirikiana na wenye meli na wenye bandari, jumuiya hiyo inatoa mwongozo uitwao ISGOTT, uliochapwa kwanza mwaka 1978 na kufikia toleo la sita mwaka 2020. Ndani yake kuna orodha ya maswali ambayo afisa wa meli na mtu wa nchi kavu wanayapitia wakiwa pamoja na kutia saini wote wawili. Mengine wanayarudia kila baada ya saa walizokubaliana mpaka tone la mwisho. Hakuna anayefungua vali kwa kuaminiana.

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mtu wa pampu kwenye meli za namna hiyo. Krismasi moja alishuka kutoka Kibosho kuja kunisalimia kazini, akakuta lori linashusha. Hakuangalia lori. Aliangalia chini.

"Shemeji, huu mtaro unaelekea wapi?"

"Unashuka Njoro."

"Na mmeuziba na nini?"

Hatukuwa tumeuziba na chochote, wala sijaona kituo kinachoziba. Akanieleza kwamba kwenye meli, kabla mpira haujaunganishwa, matundu yote ya kutolea maji ya mvua sitahani yanazibwa kwa vizibo, na chini ya maungio ya mabomba kuna sinia la chuma la kukinga matone. Mafuta yakimwagika yanabaki sitahani, yanakusanywa, hayafiki baharini.

Basi anza hapo. Tafuta mtaro wa kituo chako unamwaga wapi. Tembea nao kwa miguu kama hujui. Maji yetu ya mjini yanateremkia mito ya Njoro na Rau, yanaingia kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, na yanayobaki yanaelekea bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka bwawani ni mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Dizeli inayomwagika Majengo haiishii Majengo. Shona mifuko miwili ya turubai, ijaze mchanga, ufunge vizuri, uiweke mdomoni mwa mtaro kabla lori halijazima injini. Mfuko wa sandarusi wa kilo 25 nao unafaa, ila jua linauchakaza haraka. Chini ya maungio ya mpira weka beseni la chuma. La plastiki usiweke, kwa sababu nitakayoieleza mbele.

Kisha likague lori. Meli zina mfumo uitwao SIRE, ulioanzishwa na OCIMF mwaka 1993. Mkaguzi anapanda melini, anakagua, ripoti inawekwa kwenye hazina moja, na kampuni yoyote inayotaka kuikodi meli ile inaisoma kwanza. Ninachokipenda kwenye mfumo huu ni kwamba ripoti haisemi meli imefaulu au imefeli. Inasema kilichoonekana, mwenye meli anapewa nafasi ya kujibu, na mwenye mzigo anaamua mwenyewe. Lori halina SIRE, kwa hiyo SIRE ya lori ni wewe na mlinzi wako.

Linganisha namba za lakiri (sili za kufungia) na zile zilizoandikwa kwenye hati ya mzigo, vifuniko vya juu na vali za chini. Pitisha tochi chini ya tanki ukitafuta unyevu. Iulizie mitungi ya kuzimia moto, uishike, usome mshale. Halafu uangalie mpira wa kushushia kwa urefu wake wote, hasa pale unapoingia kwenye chuma. Niliwahi kuletewa lori ambalo mpira wake ulikuwa umepasuka karibu na maungio, na ufa umefungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vimekazwa kwa waya wa kufungia matofali. Nikasema simshushi.

"Mama, mafuta ya tajiri, kituo cha tajiri, wewe unakataa nini?"

"Nakataa mpira wako, mwanangu. Wewe sijakukataa, kaa unywe chai."

Alipiga simu tatu, akanuna, saa nne asubuhi ukaletwa mpira mwingine. Tajiri alinifokea kwa ajili ya mauzo ya asubuhi. Nikamsimulia habari ya Erika. Desemba 1999 meli hiyo, iliyobeba mzigo wa Total, ilikatika vipande viwili mbele ya pwani ya Bretagne, Ufaransa. Mahakama hazikuishia kwa mwenye meli. Kampuni ya Total nayo ilitiwa hatiani kwa uzembe katika ukaguzi wake wa kuipitisha meli ile, na mwaka 2012 mahakama ya juu kabisa ikalithibitisha hilo. Anayekagua na kupitisha ameshaingia kwenye kesi. Tajiri akanyamaza. Tangu siku hiyo ruhusa ya kukataa lori imeandikwa na kutiwa saini yake, imebandikwa ofisini. Nawe omba ya kwako kabla hujaihitaji.

Watu huniambia kampuni kubwa zinafanya hayo kwa kuogopa kesi, si kwa kupenda samaki. Sibishani nao. Sheria nazo zilisukuma: baada ya Exxon Valdez kupanda mwamba Alaska mwaka 1989, Marekani ilizilazimisha meli za mafuta kuwa na kuta mbili, na MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli kuchafua bahari, ukafuata. Lakini matokeo yanaonekana. Shirika la ITOPF, linalohesabu umwagikaji wa mafuta ya meli, linaonyesha kwamba miaka ya 1970 matukio ya zaidi ya tani 7 yalikuwa wastani wa karibu 79 kwa mwaka. Miaka ya 2010 yalikuwa kama 6. Woga uliowekwa kwenye karatasi na kufuatwa unafanya kazi.

Pima tanki lako kabla hujakubali lita hata moja. Usiseme "litaingia tu." Tanki la lita 20,000 mimi silijazi kupita asilimia 95, yaani 19,000. Kijiti cha kupimia kikisoma 6,500, nafasi uliyo nayo ni 12,500. Lori likiwa na vyumba vya lita 5,000, unapokea viwili, cha tatu linaondoka nacho. Dereva atakuomba "umsaidie" kumalizia. Msaada huo ndio unaotapisha petroli kwenye bomba la kupumulia.

Sasa waya wa ethi, ule unaoliunganisha lori na ardhi, na hapa naomba utulie. Desemba 1969, ndani ya mwezi mmoja, meli tatu kubwa mno za mafuta zililipuka: Marpessa karibu na Dakar, ambayo ilizama, Mactra kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, kusini tu mwa kwetu, na Kong Haakon VII pwani ya Liberia. Zote zilikuwa tupu, wanaosha matanki kwa mipira ya maji yenye nguvu nyingi. Hakukuwa na sigara wala kiberiti. Uchunguzi ulielekeza kidole kwenye umeme tuli: maji yakipiga kuta kwa kasi yanazalisha ukungu wenye chaji, na cheche moja ndani ya tanki lenye mvuke inatosha. Ndipo meli kubwa zikaanza kujaza matanki yake gesi isiyounguza, ili oksijeni ibaki chini ya asilimia 8 na moto ukose cha kupumua.

Sisi hatuna gesi hiyo. Tuna waya. Petroli ikipita kwenye mpira inajikusanyia chaji vilevile. Waya wa ethi unafungwa kwanza kabisa, chuma kwa chuma, pale ambapo rangi imekwanguliwa. Unafunguliwa mwisho kabisa, baada ya mpira kutoka. Kubana kibanio juu ya rangi au kutu ni mapambo. Beseni la plastiki nalo linashika chaji na halina pa kuipeleka, ndiyo maana nimesema la chuma, na nalo liguse ardhi. Sweta za nailoni, ambazo alfajiri ya Juni Moshi kila mtu anazivaa, zivuliwe kabla ya kukaribia vifuniko, si pale pale vilipo.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai, unatambaa chini na kutafuta bonde. Kwetu bonde hilo ni ukutani, ambako mama mmoja huchoma chapati kwa jiko la mkaa. Nilimwomba awe ananiuliza kabla ya kuwasha. Siku ya lori anaanza saa moja baadaye, na wahudumu wangu wanamnunulia zote. Kama nawe una jirani wa namna hiyo, ongea naye kwa heshima mapema, usimfukuze lori likiwa limeshaingia. Pampu za upande wa kushushia zifungwe. Bodaboda wasubiri barabarani, na simu zote zibaki ofisini, ya dereva pia.

Fungua vali nusu. Mwongozo wa meli unataka mafuta yaanze kuingia tankini kwa mwendo usiozidi mita moja kwa sekunde mpaka mdomo wa bomba ufunikwe, kwa sababu mafuta yanayorushwa hewani ndiyo yanayotengeneza chaji zaidi. Subiri dakika chache, kisha fungua yote. Mtu mmoja asimame penye vali, asiende chooni, asimtafute mwenye chenji. Kubalianeni neno la kusimamisha, letu ni "Funga!", na yeyote anaruhusiwa kulitamka, hata mfagiaji. Dereva halali kwenye kabini.

Kikimwagika kidogo, funga vali, mwaga mchanga au maranda ya mbao, zoa, weka kwenye pipa la chuma lenye mfuniko, umpe mkusanyaji wa taka hatarishi mwenye kibali. Usipeleke dampo. Na tafadhali, usimwage sabuni ya unga na kupiga maji! Wahudumu wanapenda sana kwa sababu sakafu inang'aa. Kwenye Torrey Canyon, Waingereza walimwaga kama tani 10,000 za sabuni kali ili fukwe zipendeze, na sabuni ile ikaua viumbe wa ufukweni kuliko yalivyoua mafuta. Sabuni haiondoi dizeli, inaisaidia kusafiri.

Kikimwagika kingi, la kwanza ni watu, kabla ya mchanga. Kata umeme kwenye swichi kuu, zuia barabara, piga zimamoto 114. Atatokea mtu na dumu la kuchotea mafuta. Agosti 10, 2019 pale Msamvu, Morogoro, zaidi ya watu 100 walikufa kwa sababu ya madumu. Mlinzi wako awe anajua kwamba dakika hiyo kazi yake ni kuwarudisha watu nyuma, na asiombwe kushika kitu kingine.

Mzigo ukiisha subiri dakika 10 kabla ya kutumbukiza kijiti, ili chaji itulie. Melini, kwa vifaa vya chuma, wanasubiri 30. Paka dawa ya kutambua maji kwenye ncha, soma, andika. Petroli iliyopakiwa Tanga kwenye joto ikifika hapa asubuhi ya baridi imesinyaa: lita 10,000 zikipoa kwa nyuzi 5 zinapungua kama lita 60. Usimwite dereva mwizi kwa hilo.

Andika yote kwenye kaunta buku moja: lakiri, vipimo vya kabla na baada, saa, majina, na kilichomwagika hata kama ni kikombe. Meli ina daftari lake la mafuta linalotakiwa kutunzwa miaka 3 tangu ingizo la mwisho, na wakaguzi bandarini wanaliomba. Langu nalitunza hivyo hivyo, ingawa tajiri anaona linakula nafasi kabatini.

Lori likishatoka, chuchumaa mtaroni kabla ya kuondoa mifuko. Ukiona utando wa rangi rangi juu ya maji, usiondoe. Mwaga maranda yanyonye, zoa, angalia tena. Mtaro ukiwa msafi, ondoa mifuko mara moja, hasa Aprili, maana mvua ya Moshi ikikukuta umeziba itakuingilia mpaka ofisini.