Viatu vya peku kwa haiking ya winta: nafasi kwanza, maji baadaye

Theluji ziko mbili, na ukizichanganya utanunua kiatu ambacho sio chako. Kuna ile kavu, ya nyuzi 10 chini ya sifuri, ukiikanyaga inalia kama unga wa muhogo ukiubinya mkononi, hii inapukutika tu juu ya kiatu, haikulowanishi kirahisi. Afu kuna ile ya karibu na sifuri, mchana inayeyuka usiku inaganda, ukiweka mguu unazama kwenye uji wa barafu na chini ya huo uji kuna maji kabisa yanatembea. Huku Harz, kaskazini mwa Ujerumani, ninapopandia mimi, hii ya pili ndo tunayokaa nayo sehemu kubwa ya winta, na ndo inayofanya watu watafute viatu vya peku visivyoingiza maji.

Nikisema viatu vya peku namaanisha vile vya soli nyembamba ambavyo kisigino na vidole viko usawa mmoja, mbele ni pana vidole vinatawanyika, na kiatu chenyewe unaweza kukikunja kama chapati. Buti la kawaida la mlimani limeinuliwa kisigino kama sentimita moja na mbele limechongoka. Wengi wetu tuliokulia kucheza chandimu peku na kushinda na kandambili miguu imetanuka kwa mbele, ukiingia duka la Ulaya kila buti linakubana kidole cha mwisho, kwa hiyo mtu akivaa hivi viatu mara ya kwanza anahisi kama amerudishiwa mguu wake. Mimi nilifurahi hivyohivyo, nikanunua saizi inayonikaa vizuri kabisa, na hapo ndo nilipokosea.

Ilikuwa Desemba, tunatoka Torfhaus kwenda kilele cha Brocken, mita 1,141, njia inaitwa Goetheweg kwa sababu mshairi Goethe alipanda kutokea hapohapo Torfhaus tarehe 10 Desemba 1777. Ni kama kilomita 8 kwenda, na sehemu ya mwanzo unapita pembeni ya kinamasi cha mboji, kuna mbao za kukanyagia, maji yako kila upande. Nilikuwa nimevaa soksi nene za sufu ndani ya kiatu nilichokipimia na soksi za kawaida. Tukitembea nilikuwa sawa. Tukasimama kama dakika kumi mwenzangu anapiga picha, nikaanza kupoteza hisia kwenye kidole gumba, afu cha pili, afu vyote vya mbele. Nikajua maji yameingia. Nikakaa kwenye benchi nikavua, soksi kavu, ndani ya kiatu pakavu, ila vidole vimekuwa vyeupe kwenye ncha na nyuzi za soksi zimejichora kwenye ngozi kama alama za mkeka. Kiatu hakikuvuja hata tone. Kilichonitesa ni kubanwa: damu haipiti, na soksi iliyobonyezwa haina hewa ndani yake ya kushika joto.

Kwa hiyo nikimshauri mtu siku hizi sianzi na habari ya maji, naanza na nafasi.

Pima mguu jioni, maana mchana kutwa unavimba kidogo, na upime ukiwa umevaa zile soksi utakazopandia. Bandika karatasi sakafuni ikigusa ukuta, simama kisigino kiguse ukuta, uzito wote kwenye mguu huo, weka alama mbele ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine ni cha pili, sio gumba) na alama mbili pale mguu ulipotanuka zaidi. Pima miguu yote miwili, chukua mkubwa. Kwenye urefu ongeza milimita 12, mimi kwa winta naenda hata 15. Yaani mguu wa milimita 266 unatafuta kiatu chenye urefu wa ndani wa 278 mpaka 281. Namba za saizi za Ulaya, 42 au 43, zisikudanganye, kila kampuni ina 43 yake. Tafuta wanaoandika urefu na upana wa ndani kwa milimita, wauzaji wengi wa viatu vya peku wanaandika. Vivobarefoot na Freet za Uingereza, Be Lenka ya Slovakia, Xero Shoes ya Marekani, wote wana modeli za winta ila kalibu zao, yaani umbo wanalotengenezea kiatu, hazifanani hata kidogo, mguu mpana unaopwaya kwa huyu unabanwa kwa yule.

Kikifika usitoke nacho nje. Chomoa soli ya ndani, isimamie ukiwa na soksi, vidole visimwagike pembeni. Irudishe, vaa, funga kamba kawaida, afu jaribu kuvichezesha vidole vyote juu chini na kuvitawanya. Kama vinakwenda juu chini lakini havitawanyiki, hicho ni cha kiangazi. Tembea nacho ndani kwenye zulia siku mbili tatu, shuka nacho ngazi, ukishuka kidole kisigonge mbele. Kwa walioko nchi za Umoja wa Ulaya, ukinunua mtandaoni una siku 14 za kusema hukitaki bila kutoa sababu, zitumie, kwa sababu tunaongelea viatu vya Yuro 150 mpaka 250.

Nafasi nyingine inayosahaulika ni ya kwenda juu. Soli ya peku ni milimita chache tu kabla ya kuhesabu meno yake, baridi ya ardhi inapanda moja kwa moja, na dawa yake ni kuweka soli ya sufu iliyoshindiliwa, ile nene ya milimita 4 mpaka 6, nyingine chini yake zina karatasi ya alumini. Sasa hiyo ikiingia inanyanyua mguu wako wote, kama juu kulikuwa kumejaa tayari utabanwa mgongo wa mguu na tumerudi kulekule kwenye vidole vyeupe. Ijaribu hukohuko ndani, soksi nene, soli ya sufu, vyote pamoja, ndani ya hizo siku 14.

Nafasi ikikaa sawa ndo tuje kwenye maji.

Kwenye maelezo ya bidhaa soma neno kwa neno. Kiatu kinachostahimili maji ni cha manyunyu na umande, kisichopitisha maji ndo chenye membreni, ule utando mwembamba kati ya bitana na kitambaa cha nje unaoachia mvuke wa jasho utoke na kuzuia maji yasiingie. Ila membreni inaishia mahali, na pale inapoishia ndo bahari inapoanzia. Kiatu kifupi cha chini ya kifundo kina membreni nzuri kabisa lakini hatua moja kwenye uji wa theluji maji yanaingilia juu, na yakishaingia membreni ileile inayafungia ndani, unatembea na beseni. Kwa theluji chukua kinachopita kifundo cha mguu. Angalia na ulimi wake, uwe umeshonwa pembeni mpaka juu kama mfuko, vuta ulimi mbele uone kama kuna upenyo. Mishono kidole gumba kinapokunjikia iwe michache. Hilo la kukunjika lina uzito kwa viatu vyetu hivi, maana kiatu kinachokunjika sana ndo utando wake unachoka mapema, palepale kwenye mkunjo.

Ukishaamua unabaki nacho, kijaribu nyumbani. Weka maji ya vidole viwili kwenye beseni, ndani ya kiatu sokomeza karatasi za jikoni mpaka mbele, kiweke dakika 15 huku ukikibonyeza pale kinapokunjika, toa karatasi uzishike moja moja. Kiatu kipya kikivuja hapo ni kibovu, Umoja wa Ulaya unakupa dhamana ya kisheria ya miaka 2, kirudishe.

Na mkiwa njiani mjue kutofautisha kuvuja na jasho, kwa sababu watu wengi wanarudisha kiatu kizima. Vua soksi uipapase. Imelowa mahali pamoja, tuseme mbele ya gumba au kwenye mshono wa pembeni, hapo pamevuja. Ina unyevunyevu sawasawa nzima, hilo ni jasho, na mara nyingi chanzo ni kitambaa cha nje kimelowa chapachapa. Kiatu kipya matone yanabiringika juu yake kama maji kwenye jani la mgomba, ile dawa ya juu ikiisha kitambaa kinakunywa maji, mvuke unakosa pa kutokea na mguu unapoa hata kama hakuna tone lililoingia. Osha kiatu kwa maji ya vuguvugu na brashi, pulizia dawa upya, tafuta isiyo na PFAS, zile kemikali hazivunjikivunjiki zikishaingia kwenye mito. Cha ngozi kipake nta, kidogo kidogo, ukizidisha ngozi inalainika na hewa haipiti.

Kwa safari ya siku moja kwenye uji wa theluji, chukua membreni bila kufikiria mara mbili. Kwa safari ya siku tatu nne za kulala kwenye vibanda mimi nimehamia upande mwingine: kiatu kisicho na membreni, kinacholowa na kukauka haraka, na ndani soksi zisizopitisha maji juu ya soksi nyembamba za sufu. Kiatu cha membreni kikilowa ndani usiku mmoja kwenye kibanda hakikauki, asubuhi unavaa barafu. Ila soksi hizo ni nene na hazivutiki vizuri, kwa hiyo pima upya, nafasi tena.

Soksi za pamba ziache nyumbani kabisa. Pamba inashika jasho na inakaa nalo. Sufu ya merino hata ikiwa na unyevu bado inakupa joto. Jozi moja nene inatosha, mbili zikibanana ni hasara, na jozi ya akiba iwe kwenye mfuko mkavu, mi nabadilisha nikifika kileleni, pale Brocken kuna mahali pa kuingia ndani na siku ambayo reli haijafungwa na theluji kuna treni ya mvuke ya kushukia Wernigerode mguu ukikataa.

Barafu sasa. Soli nyembamba inakufanya uhisi ardhi lakini haikushikizi kwenye barafu ngumu, meno ya soli yawe marefu milimita 4 au 5, na hata hivyo beba minyororo ile ya meno ya chuma yenye mpira wa kuvalisha juu ya kiatu. Mpira huo umetengenezewa buti gumu, kwenye kiatu laini unavuta mbele na kukunja vidole pamoja, ukitembea nusu saa unarudisha kubanwa kulekule ulikokukimbia. Chukua saizi kubwa kidogo, ivae sebuleni dakika 20 usimame tu, usikilize vidole. Zile kramponi nzito za barafu za milima mirefu, fremu za chuma zenye meno marefu za kufunga chini ya buti, hazifungwi kwenye viatu hivi, zinataka soli ngumu isiyokunjika, njia inayohitaji hizo nenda na buti.

Nimeulizwa pia na ndugu wa nyumbani kuhusu Kilimanjaro. Msituni kwa chini, kwenye matope na mvua, kama mguu wako umeshazoea viatu hivi vitakufaa sana. Usiku wa kutoka kibanda cha Kibo kwenda kilele cha Uhuru, mita 5,895, unatembea polepole mno na kusimamasimama, hewa ni nyepesi, damu inafika vidoleni kwa shida. Hapo vaa buti la joto, nakusihi.

Kama hujawahi kuvaa viatu vya peku usianzie mlimani Januari. Anza Septemba, dukani na kazini, nusu saa, saa moja, shavu la mguu litauma siku za kwanza na mshipa wa nyuma ya kisigino utavutika, hiyo ni kawaida, maumivu ya mfupa juu ya mguu karibu na vidole sio kawaida, ukiyasikia simama. Mwaka 2013 watafiti walifuatilia wakimbiaji 36 kwa wiki 10, na waliohamia viatu vya peku wengi wao vipimo vilionyesha mifupa ya mguu imeanza kuvimba kwa ndani. Wiki 10 ziliwaletea shida watu wenye mazoezi, wewe jipe miezi. Na mwenye kisukari kilichofikia kupunguza hisia miguuni asivae soli hizi kwenye baridi, kwa sababu ile ganzi ndo kengele yetu, na yeye hataisikia ikilia.

Ukirudi nyumbani chomoa soli ya ndani, legeza kamba mpaka chini, jaza magazeti, baada ya saa mbili yatoe yamelowa uweke mengine. Usiweke juu ya hita, gundi inaachia na ngozi inapasuka, weka tu chumbani penye hewa, kikilala hapo mpaka kesho jioni kitakuwa kimekauka.