Simu inasema mita 1.2, mwamba unasema nini? Jinsi ya kusoma utabiri kabla hujabeba ubao

Kuna asubuhi moja kabla ya kwenda kupanda mawimbi kwa ubao pale kwenye mwamba niliangalia utabiri kwenye simu nikaona mawimbi ya mita 1.2 nikacheka mwenyewe, nikasema leo maji ya watoto, maana siku tatu nyuma nilikuwa nimeingia kwenye mita 1.5 na nikatoka nimeboreka, mawimbi ovyo ovyo hayana hata nguvu ya kusukuma ubao. Basi nikaingia kwa raha zangu. Wimbi la kwanza la seti, yaani lile kundi la mawimbi makubwa yanayokuja yamefuatana, lilipotokea kule nje niliona mstari mweusi umesimama kabla hata sijageuza ubao, likanipiga, nikaibuka kutafuta pumzi nikakuta la pili hilo hapo, na la tatu nyuma yake. Nilichokuwa sijaangalia ni kile kinamba kidogo pembeni ya urefu. Siku ya kwanza kilikuwa 7, siku ya pili kilikuwa 16.

Hizo ni sekunde kati ya wimbi moja na linalofuata, wanaita kipindi cha wimbi, na kwa mwamba mimi hiyo ndo nasoma kwanza, urefu nauacha mwisho kabisa. Watu wengi wanafanya kinyume, na kwenye ufuo wa mchanga unaweza ukafanya hivyo ukapona, ila mwamba hauhami, uko pale pale umesubiri, kinachobadilika ni maji juu yake na aina ya wimbi linalokuja kuugonga.

Mawimbi ya sekunde 6, 7, 8 kwa kawaida yametengenezwa na upepo wa hapo jirani, ni mafupi, yamesongamana. Ukiona 12 au 13 kwenda juu hayo yametoka dhoruba ya mbali huko, yamesafiri siku kadhaa yakajipanga njiani. Sasa hesabu yake ni rahisi tu, chukua sekunde zizidishe kwa zenyewe alafu zidisha kwa 1.56, unapata mita kutoka mgongo wa wimbi moja mpaka mgongo wa linalofuata kwenye maji ya kina kirefu. Sekunde 8 inakupa mita 100 hivi, sekunde 16 inakupa mita 400. Na wimbi linaanza kuihisi ardhi ya chini pale kina kinapofika nusu ya huo urefu, kwa hiyo la sekunde 8 linaanza kuhisi kwenye mita 50, la sekunde 16 linaanza tangu mita 200, yaani mbali sana kabla hujaliona, na lina muda mrefu wa kupinda, kujikusanya na kuinuka. Ukipiga ile hesabu ya jinsi wimbi linavyoinuka likiingia maji mafupi, mita 1.5 ya sekunde 7 inavunjika ikiwa kama mita 1.8, na mita 1.2 ya sekunde 16 inavunjika ikiwa karibu mita 2.2. Ndo yale yaliyonikuta. Namba ndogo, wimbi kubwa, na hapo bado hujaweka umbo la mwamba ambalo linaweza kukusanya nguvu yote sehemu moja.

Kitu kingine kizuri kuhusu sekunde ni kwamba zinakupa habari mapema. Mawimbi ya kipindi kirefu yanakimbia zaidi, kundi la sekunde 16 linakwenda kama kilomita 45 kwa saa, la sekunde 10 kama 28, kwa hiyo dhoruba ikiwa umbali wa kilomita 3,000 yale ya sekunde 16 yanakufikia baada ya siku karibu tatu na yale ya 10 yanachukua siku nne na nusu. Ndo maana ukiona kwenye utabiri kuna mstari unasema sentimita 40 tu lakini sekunde 18, usiupuuze, hao ni watangulizi, mzigo wenyewe uko nyuma, urefu utapanda huku sekunde zikishuka taratibu. Siku ya watangulizi ndo mbaya kwa mtu asiyejua, bahari inaonekana imelala nusu saa nzima alafu ghafla seti inasimama juu ya mwamba mtupu.

Mwelekeo nitapita haraka. Digrii zinazoandikwa ni za wimbi linakotoka, sio linakoenda. Fungua picha ya setelaiti ya mwamba wako, chora mstari kutoka kwenye mwamba kwenda baharini kwa digrii hizo, uone kama kuna kisiwa, rasi au mwamba mwingine umekaa katikati. Kama kuna kitu kimeziba, utabiri utasema mita 2 na wewe utakuta ziwa. Mwamba mmoja unaweza kuipenda digrii 200 na kuikataa 170, na hilo huwezi kuliona kwenye modeli, ile hesabu ya kompyuta inayotoa utabiri, ambayo vipande vyake vya bahari kila kimoja kina upana wa kilomita nyingi, mwamba wenyewe hauonekani kabisa humo ndani.

Sasa maji. Hapa ndo pa kukaa.

Jedwali la maji kupwa na kujaa likikwambia mita 0.8 halimaanishi una sentimita 80 juu ya mwamba. Hiyo namba inapimwa kutoka kwenye alama ya ramani za bahari, ambayo iko karibu na kiwango cha chini kabisa maji yanachoweza kufika, na mwamba wako unaweza kuwa juu ya alama hiyo au chini yake. Lazima uupime mwenyewe mara moja tu maishani. Subiri bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu au mwezi mwandamo, chagua siku bahari imetulia, nenda ukae ufukweni wakati maji yanakupwa ukiwa na saa, ukaangalie ile sehemu unayopandia mawimbi. Dakika ile jiwe la juu kabisa linapoanza kutokeza, andika saa, alafu angalia kwenye jedwali maji yalikuwa kiwango gani saa hiyo. Tuseme ni 0.6. Basi kuanzia siku hiyo jedwali likisema 1.8 unajua una mita 1.2 ya maji juu ya lile jiwe, likisema 1.0 una sentimita 40, na sentimita 40 ni magoti, sio mahali pa kuangukia kichwa. Wakati unasubiri tembea pembeni uone pia mashimo yako wapi, nyufa ziko wapi, na wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi wamejazana upande gani, maana ukishaingia majini vyote hivyo havionekani.

Kwa kukadiria katikati ya saa, kama sehemu yako maji yanapwa na kujaa mara mbili kwa siku, gawanya tofauti ya kupwa na kujaa vipande 12. Saa la kwanza maji yanasogea kipande 1, la pili 2, la tatu 3, la nne 3, la tano 2, la sita 1. Tofauti ikiwa mita 3.6 basi saa la tatu na la nne kila moja linabeba sentimita 90. Hii watu wanaisahau kabisa, umeingia una maji ya kiunoni juu ya mwamba, unaona poa, unasema napanda mengine mawili matatu, saa moja baadae uko juu ya kisu. Siku za maji mafu tofauti ni ndogo na una muda mrefu wa kucheza, siku za bamvua dirisha ni finyu sana, na kila siku linasogea mbele kama dakika 50.

Na unganisha hiyo na wimbi lenyewe. Kwa kawaida wimbi linaanza kuvunjika kina kikiwa kama mara 1.3 ya urefu wake, kwa hiyo wimbi la mita 2 linataka mita 2.6 hivi. Kwenye mwamba unaopanda ghafla kama ukuta linachelewa, linafika kwenye maji mafupi kuliko hapo ndo linajitupa kwa mara moja, na kabla ya kujitupa linanyonya maji ya mbele yake, ile mita 1.2 uliyopiga hesabu inapungua mbele ya macho yako. Teahupo'o kule Tahiti ni maarufu kwa sababu hiyo hiyo, kina kirefu kinaishia ghafla kwenye matumbawe yaliyo karibu na uso wa maji. Kwako haitakuwa hivyo lakini kanuni ni ile ile.

Upepo: jina la upepo ni la kule unakotoka, ila mishale kwenye ramani inaonyesha unakoenda, nimeona watu wazima wanabishana kwa hilo tu. Unaotaka ni ule mwepesi unaotoka nchi kavu kwenda baharini, unashikilia uso wa wimbi usianguke mapema. Kilomita 5 mpaka 15 kwa saa safi. Ukizidi 30 unaanza kukushikilia na wewe pale juu, ubao haushuki, macho yamejaa maji ya chumvi, na kwenye mwamba kuchelewa kushuka sekunde moja ndo kuanguka pabaya. Upepo ukitoka baharini kuja nchi kavu unavuruga kila kitu. Mara nyingi alfajiri kumetulia kwa sababu ardhi imepoa, jua likishapasha nchi kavu upepo wa bahari unaamka, kwa hiyo kama jedwali linakupa maji mazuri saa 1 asubuhi na tena saa 8 mchana mimi siulizi hata mara mbili. Angalia pia namba ya upepo unaovuma kwa nguvu ghafla, sio wastani peke yake.

Kidogo kuhusu saa, maana hili limeshaniletea aibu. Apu nyingi zinaandika 06:00 na 14:00, nyingine ni za saa za kimataifa sio za ulipo, mimi nishasoma 06:00 nikasikia saa 6 kichwani nikafika mchana jua la utosi, maji yameshapwa, upepo umeshageuka. Hakikisha kwanza.

Ndo tunafika kwenye urefu. Mita inayoandikwa sio ya wimbi kubwa kuliko yote, ni wastani wa ile theluthi ya mawimbi makubwa. Moja kati ya elfu moja hivi linakaribia mara mbili ya hiyo namba. Kwa kipindi cha sekunde 14 yanapita mawimbi kama 257 kwa saa, ukikaa majini masaa matatu yameshapita zaidi ya 700, kwa hiyo lile babu lao una uwezekano mkubwa wa kukutana nalo asubuhi hiyo hiyo. Na kama apu inatoa namba moja ya jumla, ifungue uone imechanganya nini. Mita 1.2 ya sekunde 14 na mita 1.3 ya upepo ya sekunde 6 zikikaa pamoja haziwi 2.5, zinakuwa kama 1.8, na hiyo 1.8 ni fujo tupu, haina uhusiano na mita 1.8 safi.

Kuamini modeli ni suala la siku. Ile ya Marekani, GFS, inapigwa upya mara 4 kwa siku, kuna na ya Ulaya ya ECMWF. Zikikubaliana na zikiendelea kusema kitu kile kile siku mbili mfululizo, panga safari. Zikigongana, au siku ya saba inabadilika kila ukifungua, hiyo bado ni hadithi. Kama kuna boya la kupimia mawimbi huko nje upande yanakotoka, namba zake ni kitu kilichopimwa sio kilichokadiriwa, masaa machache kabla ya kuingia ziamini hizo kuliko modeli.

Ukifika usivue shati haraka. Kaa dakika 20 mpaka 30, hesabu sekunde kati ya migongo miwili uone kama zinalingana na simu, hesabu seti inakuja kila baada ya muda gani na ina mawimbi mangapi, angalia maji yanatokea wapi. Maji yote yanayosukumwa juu ya mwamba lazima yatafute njia ya kurudi, na yanarudi kupitia mlango, ile sehemu ya kina ambapo mawimbi hayavunjiki. Hapo ndo pa kutokea, na hapo hapo ndo mkondo unakuwa mkali seti ikiisha na maji yakiwa yanakupwa. Kama hujaona mlango uko wapi hujawa tayari kuingia. Ukianguka, anguka bapa, kinga kichwa kwa mikono, usisimame wima. Ukisikia radi toka, na usirudi mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Anayejifunza aanze kwenye mchanga, hapo sina mjadala.

Ukitoka, kabla hujakauka, andika. Daftari langu limelowa limekunjamana lakini ndo utabiri ninaouamini kuliko wote, kila siku mstari mmoja, kile simu ilisema na kile nilichokuta. Ule mstari wa siku ile ya 1.2 bado upo: “Simu 1.2, sek 16, digrii 205, upepo wa nchi kavu 8, maji 1.1 yanakupwa. Nilichokuta: juu ya kichwa, seti kila dakika 18, goti la kulia limechanika. Isiwe chini ya 1.7 tena.”