Moshi wa dizeli: soma rangi, tafuta chanzo

Washa injini na uiache ipate joto lake la kazi. Moshi wa baridi hudanganya. Kisha mwenzako akanyage mafuta ghafla, nawe utazame mdomo wa ekzosi ukiwa umesimama upande unakotoka upepo.

Moshi mweusi ni masizi, yaani mafuta yamezidi hewa. Anza na kichujio cha hewa kwa sababu ndicho rahisi. Kimulike kwa tochi kutoka ndani. Mwanga usipopenya, weka kipya. Kukipuliza kwa kompresa kutoka nje huzidi kushindilia vumbi ndani ya karatasi. Kichujio kikiwa safi, fuata paipu za turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini): tafuta ufa, klempu iliyolegea au doa la oili kwenye maungio, na usikilize mluzi gari linapopanda mlima na mzigo. Baada ya hapo ndipo ufike kwenye nozo, yaani vinyunyizio vya mafuta ndani ya silinda. Zipeleke zikapimwe, nzima hutoa ukungu mwembamba, mbovu hudondosha au hurusha mkondo kama wa bomba. Usiweke kidole mbele ya nozo inayopimwa, kwani mafuta ya presha hupenya ngozi, na jeraha hilo ni la kukimbizwa hospitali hata likionekana kama tundu la sindano.

Kama fundi aliwahi kuongeza mafuta kwenye pampu ili gari "livute", chanzo umeshakipata. Rudisha kipimo cha kiwandani.

Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Ukitoka kwa muda mfupi injini inapowashwa tu, shuku sili za valvu. Ukiendelea, shuku ringi za pistoni au turbo. Pima kwanza oili kwa kijiti chake, huenda imejazwa kupita alama ya juu.

Mweupe unaokwisha injini ikipata moto si tatizo. Ukibaki na kuwasha macho, ni dizeli isiyoungua: kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) imeshuka au taimingi (wakati wa kunyunyiza mafuta) imechelewa. Maji ya rejeta yakipungua pia, shuku gasketi ya silinda hedi.

Sasa lile linalosahaulika: ekzosi isiyoonyesha moshi bado inadhuru. Chembe za masizi nyingi ni ndogo kuliko mikroni 1 (sehemu ya elfu ya milimita) na hufika ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 2012 taasisi ya saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli katika kundi la 1, la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Oksidi za nitrojeni huchokoza njia ya hewa, na zikikutana na jua huchangia kutengeneza ozoni. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu.

Kwa hiyo usiungurumishe injini ndani ya gereji bila mpira wa kutoa moshi nje. Kufungua mlango pekee hakutoshi. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka dirishani. Barakoa ya N95 hushika chembe lakini haizuii gesi, na kitambaa hakifai kwa lolote kati ya hayo.

Kwenye gari lenye kichujio cha masizi katika ekzosi, kichujio hicho huziba kwa safari fupifupi. Taa yake ikiwaka, endesha mwendo wa barabara kuu bila kusimama kwa dakika kama 20, ili kipate joto la karibu nyuzi 600 za Selsiasi na kuchoma masizi. Kukikata na kuweka bomba tupu ni kuyarudisha masizi yote barabarani.