Kukadiria mavuno ya mikorosho: kwa nini tunagawa kwa n−1

Shamba la mikorosho 400 kule Tandahimba halipimiki mti kwa mti, kwa hiyo tunapima sampuli. Kanuni inayotutoa kwenye sampuli hadi kwenye jibu la shamba zima ndiyo kikadirio. Kikadirio hakina mwegemeo iwapo, ukirudia sampuli mara nyingi, wastani wa majibu yake unaangukia palepale kwenye thamani halisi.

Andika namba 1 hadi 400 kwenye vikaratasi, changanya vizuri, chomoa vitano. Miti hiyo ndiyo utakayopima, hata kama mmoja uko bondeni mbali na njia. Korosho hazianguki zote kwa siku moja, basi jumlisha kila mkupuo wa kuokota mpaka msimu uishe.

Tuseme umepata kilo 6, 9, 10, 12 na 13. Wastani ni 10, na wastani wa sampuli hauna mwegemeo. Sasa tafuta varianzi, yaani kipimo cha mtawanyiko. Tofauti na wastani ni −4, −1, 0, 2 na 3; miraba yake ni 16, 1, 0, 4 na 9, jumla 30. Ukigawa kwa 5 (hii ndiyo n, idadi ya miti uliyopima) unapata 6; ukigawa kwa 4 (n−1) unapata 7.5. Chukua 7.5.

Sababu ni kwamba ile 10 imetoka kwenye miti hiyohiyo mitano, nayo imekaa katikati yao. Kama wastani halisi wa shamba ni 11, jumla ya miraba kutoka hapo ni 35. Namba yoyote isiyo 10 itakupa zaidi ya 30, ndiyo maana kugawa kwa n hupunja.

Jihakikishie kwa miti mitatu tu: kilo 4, 7 na 10. Hiyo ndiyo miti yote, kwa hiyo varianzi yake halisi ni 18 gawa kwa 3, yaani 6. Chomoa miwili, ukirudisha kikaratasi kila mara. Michomoo inayowezekana ni 9. Ukigawa kwa 2, wastani wa varianzi zote 9 ni 3, nusu ya ukweli. Ukigawa kwa 1, ni 6 kamili.

Kwenye Excel tumia VAR.S; VAR.P hugawa kwa n. Kipeuo cha pili cha 7.5, karibu 2.74, bado huegemea chini kidogo, kwa sababu kutafuta kipeuo hakuhifadhi wastani.

Lakini ukiwa umepima miti ya kando ya njia peke yake, n−1 haitakusaidia, wala kuongeza miti mingine ya kando ya njia. Rudi kwenye vikaratasi.