Pipi za sikukuu ziwe somo la takwimu

Pipi za sikukuu zikiingia nyumbani, kabla hazijaliwa mpe mtoto swali moja: rangi gani ni nyingi zaidi? Akisie kwanza na aandike jibu lake, maana makisio hayo ndiyo yatakayompa hamu ya kuhesabu. Kisha azichambue kwa rangi na kuweka alama karatasini, mstari mmoja kwa kila pipi, wa tano ukikata minne iliyotangulia.

Kwa mtoto mdogo, grafu iwe pipi zenyewe: kila rangi na safu yake, zote zikianzia mstari mmoja, pipi moja kwa kila mraba uliochorwa karatasini. Miraba ni muhimu kweli. Bila hiyo, pipi kubwa 4 zinaweza kufanya safu ndefu kuliko ndogo 6, na mtoto atasoma urefu badala ya idadi. Mkubwa achore nguzo, kila mraba ukisimama badala ya pipi 2, halafu muulize: rangi yenye pipi 7 utaichoraje?

Maswali matamu zaidi huja baadaye. Nyekundu zimezidi za kijani kwa ngapi? Pakiti nyingine ingetoa grafu hiyohiyo? Basi fungueni ya pili mlinganishe. Kula ni baada ya grafu kukamilika.