Jinsi ya kupima vichaka kando ya korongo la msimu kwa kamba moja

Kabla hujanunua mche wa kupanda ukingoni, pima kilichopo. Hapa Nairobi wengi hufyeka kila kitu wapande miti mirefu, na mimi huumia nikiona hivyo. Vichaka ndivyo vinavyoshika ukingo: mafuriko yakija mashina huinama, maji yakapungua kasi, mchanga ukatua hapohapo.

Beba kamba ya mita 20, tepu, vigingi na daftari.

1. Nenda mwisho wa kiangazi, Februari au Septemba. Wingu likiwa jeusi upande wa Ngong, usishuke korongoni. Maji yanaweza kukufikia huku jua linawaka ulipo.

2. Tafuta alama ya mafuriko. Ni nyasi kavu, vijiti na plastiki zilizonasa matawini. Andika zilipofika juu kabisa.

3. Vuta kamba kutoka mchangani kupanda ukingo, ifunge kwenye vigingi, na ulaze tepu sambamba nayo. Usiifuatishe mkondo. Nilipoanza niliifuatisha, nikarudi na kichaka cha aina moja kwa mita 20 nzima. Mimea hapa hupangwa na unyevu, na unyevu hupungua kadiri unavyopanda.

4. Soma tepu. Andika kila kichaka kinapoanza kufunika kamba na kinapoishia. Cha kuanzia mita 12.3 hadi 14.8 kimefunika mita 2.5. Jumlisha, gawanya kwa 20, zidisha mara 100: mita 7 ni asilimia 35. Vikipandiana, hesabu kila aina peke yake.

5. Tambua majina. Leleshwa: geuza jani, chini ni jeupe, lisugue, linanukia kafuri. Hupenda ardhi kavu yenye mawe, kwa hiyo linapoanzia leleshwa, unyevu wa korongo umekuishia. Lantana je? Shina lina pembe nne, jani linakwaruza kama msasa, na kishada kimoja kina maua ya njano na ya waridi. Ni mgeni kutoka Amerika ya Kati na Kusini, na ndege hula matunda yake wakasambaza mbegu. Mwandikie ukurasa wake. Usimng'oe wote kwa siku moja, maana mvua itakuta ukingo uko uchi. Toa kipande, panda mche wa kienyeji, ushike, ndipo uendelee.

6. Rudia kwa kamba tatu, kila moja mita 50 kutoka nyingine. Paka vigingi rangi, uviache. Masika yakiisha rudi palepale, na uanze na alama mpya ya mafuriko.