Kumchua mgongo mgonjwa wa kitandani: tazama ngozi kwanza

Wiki iliyopita nilishinda na dada anayemuuguza mama yake nyumbani. Mama amepooza upande wa kulia kwa kiharusi, na kulala sana kunamchosha mgongo. Dada akaniambia, "Sista, nikimshika naogopa nitamvunja." Tulifanya hivi.

1. Vifaa

Beseni la maji ya uvuguvugu, sabuni, taulo, khanga, mafuta. Kata kucha, vua pete. Mafuta natumia ya nazi, au ya mgando yasiyo na manukato. Spiriti siitaki kabisa. Zamani ilitumika sana wodini, lakini hukausha ngozi, na ngozi kavu hupasuka upesi. Dawa za kuchua zinazowasha nazo ziache: upande uliopooza unaweza kuungua mgonjwa asisikie.

2. Kumgeuza

Msalimie, mwambie unachotaka kufanya, ngoja aitikie hata kwa macho. Kiganja kimoja nyuma ya bega, kingine kwenye nyonga, mviringishe alalie upande usiopooza, mgongo ukuelekee. Mto kati ya magoti, mwingine chini ya mkono uliopooza. Mkono huo usiuvute hata kidogo, bega lililolegea huteguka. Khanga imsitiri kifuani na kuanzia kiunoni kwenda chini.

3. Kutazama ngozi

Hapa niliwahi kumuumiza mtu. Nilikuwa mgeni kazini, nikamkuta mzee ana alama juu kidogo ya makalio, pale mfupa unapogusa godoro. Ilikuwa nyeusi kuliko ngozi yake, ukubwa wa kifuniko cha soda. Nikadhani damu haitembei, nikapasugua kwa nguvu asubuhi na jioni. Siku ya tatu ngozi ikavuka, ikabaki nyama mbichi. Kilikuwa kidonda cha mgandamizo kinachoanza. Nyama za chini zilikwisha kuumia, nami nikazidi kuzisaga.

Tulifundishwa kutafuta wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Fungua dirisha upate mwanga. Linganisha na ngozi ya pembeni: pamekuwa peusi zaidi, au pana rangi ya zambarau? Gusa kwa mgongo wa kiganja: pana joto, au pamepoa kuliko jirani? Bonyeza polepole: pagumu, au pamelegea kama embe lililoiva kupita kiasi? Anakunja uso? Ukikuta hata moja, usipachue. Muondolee uzito mahali hapo, mgeuze angalau kila saa mbili, na nesi au daktari apaone mapema. Kagua pia nyonga, visigino, viwiko na nyuma ya kichwa.

Usimchue kabisa mwenye mbavu zilizovunjika au aliyetoka kupasuliwa mgongo mpaka daktari aruhusu. Na mguu mmoja ukiwa umevimba, una joto na unauma, usiuguse kwa kuchua. Huenda damu imeganda ndani, na bonge likihama hukimbilia mapafuni. Hapo ni hospitali.

4. Kuchua

Osha mgongo, kausha. Mafuta yapashe viganjani kwanza. Anza kiunoni, kiganja kila upande wa uti, panda hadi mabegani, zunguka, shuka ubavuni bila kubandua mikono. Uti wenyewe usiukandamize. Kisha kanda nyama za mabega kwa vidole gumba, malizia kwa kupapasa. Dakika tano hadi kumi zinatosha.

Mtazame mikono na uso, maana baadhi ya wenye kiharusi hawawezi kusema. Mama yule alikuwa amekunja ngumi ya kushoto tangu nilipoingia. Nilipopita begani mara ya nne, vidole vikafunguka kimoja kimoja.

5. Kumalizia

Futa mafuta, nyoosha mikunjo ya shuka, andika saa uliyomgeuza.

Jioni nikamwachia dada afanye mwenyewe. Kabla ya kushika mafuta alipeleka mkono kwenye nyonga ya kulia, upande ambao mama alilalia usiku kucha, akasema, "Sista, hapa pana joto." Mafuta tukayaweka kando, tukakaa kupanga zamu za kumgeuza usiku, yeye na kaka yake.